Matope ya Bipin

Wanangu, kesho magari ya Safari Rally yatapita Marani, na najua mtakimbilia barabarani. Hata mimi nilikimbia.

Mwaka wa sitini na nane, Sabato ya Pasaka, tulitoka kanisani tukakuta gari la mashindano la Bipin, kijana wa duka la nguo kule Kisii mjini, limezama matopeni. Akina mama wakasita, maana kusukuma ni kazi. Mzee wa kanisa akavua koti.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hatolewi?" akauliza. "Basi huyu naye ni ng'ombe, ila ana magurudumu."

Tukasukuma, matope yakaturukia mpaka kwenye meno. Bipin akatupungia mkono, akapotea kilimani. Tangu siku hiyo akawa wetu. Redio ikisema amekuwa wa mwisho, sisi tulisema gari ndilo bovu. Nguo yangu nyeupe haikutakata tena, wala sikutaka itakate.

Mwaka uliofuata kaka yangu Ondieki alisimama katikati ya barabara akimngoja.

"Toka hapo, wewe," nikamwambia.

"Atanijua tu. Si mimi nilishika bampa?"

Dereva akiwa mbioni haoni rafiki, anaona kona. Bipin alijaribu kumkwepa, lakini gari lilimpiga mguu. Ndiyo sababu mjomba wenu anatembea na mkongojo. Bado anamshangilia Bipin kila Pasaka, ila siku hizi anakaa juu ya ukingo, kwenye majani chai. Kesho mtakaa naye hapo hapo.