Tangazo Halikusema Awe Hai

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, watu wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi la ghorofa ya pili wakisubiri usaili wa kazi ya kutengeneza tovuti. Wawili walikuwa vijana waliokumbatia mafaili ya vyeti. Wa tatu alikuwa Msusi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, aliyetia kompyuta yake ya mtumba kwenye mfuko uliozoea kubeba rasta. Wa nne alikuwa marehemu.

Msusi alimjua. Alikuwa amezikwa miezi saba nyuma, na Msusi mwenyewe ndiye aliyemsuka mkewe kwa ajili ya mazishi. Alimsalimia. Marehemu hakuitika, wala Msusi hakuona ajabu. Hata enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kusalimiwa, si wa kusalimu. Alivaa suti aliyozikwa nayo, pamba bado iko puani. Mwili wake ulitoa ubaridi mzuri, na kwa kuwa feni ilikuwa mbovu, wale vijana wakajisogeza karibu naye.

Msusi alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu kwa miaka kumi na sita, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Kubonyeza herufi viliweza. Kushika unywele mmoja havikuweza tena. Daktari akamwambia atafute kazi nyingine, kana kwamba kazi zinaokotwa njiani. Akajifunza kutengeneza tovuti kwa video za bure: mteja akiondoka anafungua kompyuta, mteja akiingia anaifunga. Mumewe alisema hayo ni mambo ya watoto wa shule. Baada ya miaka mitatu alikuwa na tovuti kumi na moja, ya duka la dawa, ya seremala, ya chekechea, na zote zilifunguka upesi hata kwenye simu kuukuu.

Alizionyesha mbele ya Meneja, mtu wa tai pana na maarifa membamba, na wenzake wawili waliokuwa wakila karanga.

"Uzoefu rasmi unao?" Meneja aliuliza.

"Nimetengeneza tovuti kumi na moja, bosi."

"Nimesema rasmi."

"Zote zinafanya kazi."

"Hatujakuuliza kama zinafanya kazi, mama."

Mmoja wa wala karanga akataka kujua kama bado anasuka, maana mkewe alikuwa na shughuli Jumamosi.

Marehemu aliingia baada yake. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, Msusi akasikia yote. Aliulizwa maswali kumi na mawili, akanyamaza mara kumi na mbili. "Mtulivu sana," alisema Meneja. "Kazi ikimwelemea huyu hababaiki." Mama wa utumishi, aliyekuwa akiandika pembeni, ndiye aliyesema taratibu, "Lakini huyu si amefariki?"

"Tangazo limesema shahada na miaka kumi ya uzoefu," Meneja alijibu. "Halikusema awe hai."

Wakampa kazi. Msusi wakamchukua awe msaidizi wake, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, akae meza ya pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya hospitali. Iliyokuwepo ilimpeleka mwenye kuumwa jino kwa wakunga, na mjamzito ikampa miadi ya mwakani. Watu walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri kwa kukosa pa kuandikia majina yao. Marehemu alifika kila siku saa mbili kamili, akaketi, akaweka mikono mezani, na saa kumi na moja akaondoka kurudi alikotoka. Katikati ya hapo Msusi alifanya kazi. Alikwenda hospitalini akaongea na waliokuwa foleni, akarudi akabomoa kurasa zote, akaanza upya. Mwezi wao wa pili kazini tovuti mpya ilikamilika. Bibi mmoja wa miguu mibovu aliweza kupanga siku yake ya daktari akiwa kitandani kwake.

Kampuni ikabandika picha ya Marehemu ukutani: Mfanyakazi Bora.

Mjane wa Marehemu alikuja siku hiyo kuitazama picha. Alipomwona Msusi, akamvuta kando, kwenye korido ya vyoo.

"Mwanangu, vidole vinaendeleaje?"

"Vinasogea, mama. Nyumbani huwa anakuja?"

"Nani, yeye? Haji. Ofisini anakuja, nyumbani haji. Hata zamani ilikuwa hivyo hivyo." Mjane akafuta miwani. "Nisikudanganye. Ile miaka yake kumi ya uzoefu, kazi alikuwa anafanyiwa na msichana mmoja hukohuko alikokuwa ameajiriwa."

"Yuko wapi sasa?"

"Bado yupo. Bado msaidizi."

Msusi alirudi mezani na dharau iliyotulia. Tangu hapo, Meneja alipozungumza, alimtazama kama mtu anavyotazama nzi aliyeangukia chai ya mwingine. Lakini dharau haijazi sufuria, na mwezi wake wa sita kazini alikwenda kuomba ajira ya kudumu.

"Huna uzoefu," Meneja alisema.

"Tovuti ya hospitali nimeitengeneza mimi, bosi. Muulize Marehemu mwenyewe."

Kwa vile Meneja alipenda vikao, kikao kikaitishwa. Watu tisa walikaa, maji ya chupa yakagawiwa. Marehemu akaulizwa kama ana la kusema kuhusu mradi. Akatoa pamba puani, akaiweka mezani mbele yake, na kwa mara ya kwanza akafungua kinywa.

"Mimi nimekufa," alisema. Sauti ilitoka chini, lakini ilisikika vizuri. "Sijafanya chochote. Hata nilipokuwa hai sikufanya. Kazi yote ni ya huyu mama."

Karani aliandika maneno yale kama yalivyosemwa. Mmoja wa wala karanga akajifuta macho.

Meneja alisimama. "Mmesikia? Unyenyekevu wa namna hii siku hizi unaupata wapi? Anamsifu hata msaidizi! Kiongozi ndiye huyu." Akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga. Marehemu alijaribu kusema jingine, makofi yakamfunika. Alimtazama Msusi, akarudisha pamba puani, na hakusema tena.

Alhamisi akapewa ukuu wa idara, ofisi yenye mlango, na mkataba wa miaka thelathini, kwa kuwa afya yake haikuwa na wasiwasi tena. Meza ya Msusi ikahamishiwa humo humo ili mkuu asikose msaada.

Mama wa utumishi aliwaletea karatasi mchana. Mkataba wa Msusi, wa miezi mitatu, ulikuwa ukurasa mmoja, akausaini amesimama. Wa Marehemu ulikuwa na kurasa kumi na nane, kila moja ikitaka sahihi chini. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havikuweza kushika kalamu.

"Msaidie basi," alisema mama wa utumishi, bila kumtazama.

Msusi akavuta kiti, akaanza na ukurasa wa kwanza.