Wa Kumi Kwenye Benchi

Asubuhi ya kliniki nesi alifuta meza, akatoa kisanduku cha barafu, kisha akahesabu watoto kwenye benchi. Walikuwa tisa. Chupa ya chanjo ya surua hutosha watoto kumi, na ikishafunguliwa haikai hadi kesho. Agizo la mkuu wa zahanati lilikuwa wazi: kumi wasipotimia, chupa haifunguliwi.

"Rudini wiki ijayo," nesi alisema.

Mama Kibonge hakunyanyuka. Mwaka juzi aliambiwa maneno hayohayo akiwa amempakata Kibonge, bintiye wa kwanza, akatii. Surua haikusubiri wiki ijayo. Leo alikuwa na mdogo wake Kibonge mapajani, na surua ilikuwa imeshapiga hodi nyumba ya jirani. Aliogopa sana, na woga ulimfanya mkaidi.

"Sitoki, sista. Nilishatoka mara moja."

Mlango ukasukumwa, Kibonge akaingia. Alivaa gauni lake la njano, na mashavu yalikuwa yaleyale yaliyompa jina. Alikufa hajajua kutembea. Sasa alitembea vizuri tu. Akajipandisha kwenye benchi pembeni ya mama yake, akakunja mkono wa gauni.

"Umejifunzia wapi kutembea?" mama aliuliza.

"Hukohuko."

Mama akamfuta kamasi. Ilimuuma kwamba hatua yake ya kwanza ilionwa na watu wengine.

Nesi akahesabu upya. Mkuu wa zahanati akachungulia, kikombe cha chai mkononi.

"Huyu si alifariki?"

"Alifariki," nesi alijibu. "Lakini amefika."

Mkuu alifikiri kidogo. Agizo lilitaka watoto kumi, basi.

"Haya, fungua."

Watoto wakachomwa kwa zamu, wakalia kwa zamu. Mdogo wake Kibonge aliwashinda wote kwa kelele, mama akacheka kwa faraja. Kibonge alichomwa mwisho na hakulia. Alibana pamba begani kama alivyoelekezwa.

"Sasa naweza kurudi nyumbani?" aliuliza.

Nesi akageukia sinki, akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Tumechelewa, mwanangu," mama alisema. Akamshusha kwenye benchi, akamshika mkono hadi mlangoni.

Mkuu akawapisha.

"Mama Kibonge," alisema, "wiki ijayo aje tena, tena mapema. Huwa tunapungukiwa."