Mlango Mmoja, Masikio Mawili

Mzee Gwenzi alikuwa amekubali kupiga sehemu ya marehemu mara moja tu. Si zaidi.

Mbira, ala ya vyuma vilivyopangwa juu ya ubao, aghalabu hupigwa na wawili. Mmoja huanza, wa pili humwitikia, na milio ya vile vyuma vyao vyembamba husukana kama ukili. Mzee alikuwa mwanzishaji maisha yake yote. Mwitikiaji alikuwa mdogo wake, Garikai. Tangu Garikai azikwe, hakuna aliyesikia mbira katika nyumba ile ya Chitungwiza, Zimbabwe.

Lakini kabla ya ugonjwa kumzidi, Garikai alimruhusu Ruvarashe, binti wa mzee, kurekodi mlio wa kila chuma cha mbira yake, kimoja kimoja. Wimbo mzima hawakuwahi. Sasa Ruvarashe, aliyemaliza chuo mwaka huo, alikuwa amebandika vihisi chini ya vyuma vya mbira ya baba yake. Mzee akigusa chuma, ishara ya MIDI, lugha ya ala za kielektroniki, ingeingia kwenye kompyuta, nayo kompyuta ingejibu kwa mlio wa Garikai.

"Nisipomsikia, vidole havitajua pa kwenda," mzee alikuwa ameonya.

Basi zilihitajika programu mbili: moja ya kutoa mlio, nyingine ya kuhifadhi. Ruvarashe akafungua ya kuhifadhi, mlio ukatoweka. Akaifunga, akafungua ya mlio. Ukasikika, lakini hakuna kilichohifadhiwa.

"Miaka minne chuoni," akasema Tete Nyaradzo, dada wa mzee, mkono kiunoni, "na mashine haikujui hata jina?"

"Tete, zote zinagombea mlango mmoja. Inayotangulia kuingia inatia komeo."

"Kumbe wake wenza na jiko moja!"

Ruvarashe akacheka. Akaweka kiprogramu kidogo cha kukaa mlangoni, kipokee kila ishara na kuigawa kote kuwili.

"Jaribu chuma kimoja, Baba."

Mzee akagusa. Mlio ukatoka, ukajirudia, ukazaana, ukawa mvua ya mawe juu ya bati. Mzee akarusha mikono kama aliyeungua.

"We Garikai!" Tete akafoka. "Hata kaburini huachi fujo?"

Mzee akainuka, uso umemparama. "Nimeshapiga. Tulisema mara moja."

"Baba, ule haukuwa wimbo!"

"Kaa chini, kaka," Tete akasema, safari hii kwa upole. "Mtu akipiga chafya hajahutubia."

Ruvarashe alikuwa ameshaona kosa. Programu ya kuhifadhi ilikuwa ikirudisha kila ilichosikia kwenye mlango uleule, nao mlango ukikigawa upya, bila mwisho. Akaikata njia ya kurudi. Isikilize tu.

Mzee akakaa, akafumba macho, akapiga. Ikatoka sauti ya Garikai, pamoja na ule mlio wake wa chuma cha chini uliokwaruza kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta, kila mguso ukaacha alama yake. Tete alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Wimbo ulipozunguka mara kadhaa, mzee akaacha kupiga.

"Umepata?"

"Nimepata, Baba."

"Nisikie."

Ruvarashe akaifungulia rekodi, na Garikai akaanza kuitikia peke yake, akimngoja mtu. Mzee akavumilia kidogo, kisha vidole gumba vikaangukia sehemu yake mwenyewe, katikati ya nafasi alizoachiwa.

Hapo ndipo Ruvarashe aliposikia sauti ya tatu. Haikuwa ya baba yake, wala haikuwa ya kompyuta. Ilipanda kutoka kati yao, wimbo mwembamba ambao hakuna kidole kilichokuwa kikiupiga, ukapita juu ya vichwa vyao kama ndege aliyeingia chumbani. Alijua kila ishara ilikopita. Mlango aliujenga mwenyewe. Hata hivyo nywele zilimsimama, machozi yakamtoka bila kuombwa.

Rekodi ikafika mwisho. Mzee hakufumbua macho, wala vidole havikukoma.

"Mrudishe," akasema. "Upesi, mwanangu, nisimwache nyuma."