Nusu ya Diski Iliyofichwa

Binti mmoja alinunua diski kubwa ya terabaiti nne ili amalize filamu kuhusu mama yake, mshonaji aliyewalea watoto wake kwa cherehani. Kaka yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Fundi, ndiye aliyemfundisha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, akamfungia diski hiyo kwenye kompyuta yake na kuigawa sehemu. Chumba cha kazi cha dada yake, Fundi alikuwa akiingia na kutoka apendavyo.

Diski ilipojaa upesi, dada alimpigia simu.

"Mdogo wangu, kompyuta yako kuukuu," Fundi alisema. "Haioni zaidi ya terabaiti mbili. Nusu nyingine isahau."

Akaisahau. Akawa anafuta picha alizozipenda ili apate nafasi, huku roho ikimuuma.

Jumamosi moja asubuhi akaamua kujaribu mwenyewe kuigawa upya, kwa mtindo unaokubali diski kubwa. Kabla ya kugusa chochote, aliiamuru kompyuta imwonyeshe sehemu zote. Kumbe Fundi alikuwa ameigawa kwa mtindo huo huo tangu mwanzo, na kompyuta iliiona diski yote. Na nusu ya pili haikuwa tupu. Ilikuwa na jina, "akiba", ila ilipangwa isifunguke kompyuta inapowaka.

Akaifungua. Ndani zilikuwemo nakala za picha zake zote, hata alizozifuta, pamoja na filamu ya mama iliyokamilika. Mwongozaji: kaka yake. Jina lake yeye halikuwemo popote.

Lililomkata maini ni mama, akisimulia habari za mtoto wake wa kwanza aliyefariki, na sauti ya Fundi ikimuuliza taratibu nyuma ya kamera.

Akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Fundi alikurekodi lini?"

"Ulipokuwa kazini. Si wewe uliyemtuma? Alisema unaona haya kuniuliza habari za marehemu."

Alipomweleza yote, mama alikiacha kitambaa chini ya sindano. Kisha akachukua simu, akampigia Fundi.

"Mwanangu, nitoe kwenye filamu yako."

"Mama, yeye asingemaliza."

"Hilo sikukuuliza."

Fundi aliiondoa filamu kwenye shindano alikokuwa ameshaipeleka, lakini kuomba radhi hakuomba. Dada mtu naye hakuifuta ile sehemu ya diski. Mama alikuwa humo, akisema jambo ambalo binti yake kweli aliona haya kuuliza. Ni nani mwingine aliyejua kwamba anaona haya, kama si kaka ambaye yeye mwenyewe alimwambia siri zake zote?