Darasa la Sita kwenye Ukumbi wa Wakubwa

Kwa miezi mitano Yvette Kankolongo alijua askari wamekula nini jana bila kuuliza mtu. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi huko Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, nyumba yake ilikuwa ndani ya uwanja wa shule, hatua chache kutoka darasa la tano, na nyuma ya darasa hilo ndiko mabwana wale walikojisaidia. Si kwamba vyoo havikuwapo. Vilikuwapo sita, vya matofali, ila milango yake waliifanya kuni wiki ya kwanza, na inaelekea mtu mwenye bunduki huona haya kuchutama chooni pasipo mlango, lakini ukutani kwa watoto haoni haya hata kidogo. Baada ya milango wakachoma madawati. Kwenye ubao wa darasa la sita waliandika namba za simu za wanawake na kuchora michoro ambayo Yvette aliifuta kwa mkono wake mara mbili. Mara ya tatu aliiacha.

Walikuja Januari, wakitoka kwenye vita vya mashariki, pamoja na wake zao, masufuria na mbuzi. Kamanda wao, Kanali Badibanga, aliomba siku tatu tu. Asili yake ilikuwa Kasai, kama baba yake Yvette aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, kwa hiyo kila Yvette alipomwendea na barua yenye muhuri alimwita "dada wa kwetu", akamvutia kiti, akampa soda ya baridi, akaipokea barua kwa mikono miwili. Kisha akaeleza kwamba hana uwezo. Amri ziko juu. Kambini hakuna mabati, na askari si mbuzi hata alale mvuani. Barua nne, soda nne. Yvette alikuwa akitoka pale mdomo mtamu na mikono mitupu.

Aliyemfaa ni Zuberi, mkuu wa shule ya Waislamu iliyoko ng'ambo ya barabara. Huyu hakuandika barua wala hakutoa hotuba. Alivuka barabara siku ya pili tu, akasema watoto wake hutoka saa sita, basi mchana vyumba viwili ni vya Yvette. Madawati machache waliyowahi kuyatoa kabla ya moto aliyabeba kichwani mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na mitano mwenye mgongo mbovu. Yvette alipoanza kumshukuru alimkatiza, akamwambia akimbie kuita wanafunzi, jua linakwenda.

Hivyo darasa la sita lilisoma mchana, kwenye joto, kwa jirani. Lakini mtihani wa taifa haufanywi kwa jirani. Inspekta wa elimu alisema waziwazi kwamba shule yenye bunduki haiwezi kuwa kituo cha mtihani, na kituo cha Zuberi kimekwisha kujaa watoto wake. Askari wasipoondoka ndani ya wiki mbili, wanafunzi hamsini na wanne wa Yvette watavuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi kituo cha Alunguli kila siku ya mtihani. Wazazi walikwisha kumwambia kwamba wasichana hawatavuka. Mto umejaa, na huko ng'ambo hawana mtu.

Yvette aliujua mwaka usio na mtihani una ladha gani. Mwaka 2002, waasi walipoushika mji na wanamgambo wa Mai-Mai wakauzunguka, treni ikawa haiji na chumvi ikawa hadithi, yeye mwenyewe alikuwa darasa la sita. Askari wakaingia shuleni asubuhi moja na watoto wakaambiwa waende nyumbani. Rafiki yake Divine alisahau daftari lake la hesabu, akarudi kulifuata. Alitoka mle jioni. Hakulirudia daftari tena, wala shule, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kuelewa. Yvette alipoteza miaka miwili. Divine alipoteza yote. Kwa hiyo alipowaona hawa wa sasa wakioga uchi mbele ya wasichana wake na kucheka, hakuhisi hofu. Alihisi kichefuchefu, kile cha kweli, cha mate kujaa mdomoni.

Ndipo ulipokuja msafara wa mabalozi kutoka Kinshasa. Lengo lao lilikuwa jema, na Yvette alilisoma mara tatu kwenye barua ya mwaliko: kuzishawishi pande zote zilizobeba silaha ziahidi kuacha shule. Semina ingechukua siku tatu katika hoteli iliyo karibu na mto, na mwishoni wakubwa wangetia sahihi Ahadi ya Kindu, ambayo ingepelekwa Ulaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema walimu. Zuberi hakualikwa, kwani shule yake haikuwa na askari. Yeye alimpigia Yvette pasi gauni lake, maana mkaa wa Yvette ulikuwa umekwisha.

Siku ya kwanza methali ya tembo na nyasi ilitajwa mara nne kabla ya chai. Siku ya pili walibishana tangu asubuhi hadi saa tisa kama Ahadi iseme askari "wanakalia" shule au "wapo kwa muda" shuleni. Kanali Badibanga, aliyekaa meza ya mbele na magwanda yaliyonyooka, alitetea "wapo kwa muda" kwa sauti ya upole, na watu wakaandika. Yvette aliinua mkono mara tatu. Mara tatu akaambiwa kwamba visa vya shule moja moja vitapewa nafasi siku ya mwisho, kama muda utaruhusu. Balozi aliyeongoza msafara, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, hakuwa mtu mbaya. Alimtabasamia kila walipokutana kwenye sambusa. Yvette aliitazama sambusa mkononi mwake, akaona inateleza mafuta, akairudisha kwenye sahani. Aliona aibu kwamba alikwisha kula mbili.

Siku ya tatu, wakubwa walipotoka nje kunywa kahawa, darasa la sita liliingia ukumbini. Walikuja kwa miguu kutoka Mikelenge, wote hamsini na wanne, mashati meupe, wametanguliwa na Zuberi aliyewavusha barabara kubwa kisha akabaki getini. Yvette aliwakalisha kwenye viti vya wajumbe, akafungua ukurasa mpya wa yale makaratasi makubwa ya semina, akaandika sehemu: tatu juu ya nne, jumlisha mbili juu ya tano. Watoto wakatoa madaftari.

Wakubwa waliporudi walisimama mlangoni na vikombe vyao. Mratibu alinong'ona kwamba ratiba imechelewa. Balozi akauliza, kwa adabu, kikao kitaendelea saa ngapi. Kanali hakuuliza lolote. Aliwanyoshea kidole walinzi wake, nao wakapita kati ya viti wakiwainua watoto kwa mabega, mstari kwa mstari, bila kumpiga hata mmoja, kazi safi kabisa. Yvette alitazama saa yake. Dakika kumi hazikutimia, ukumbi ukawa mtupu.

"Mon colonel, kumbe unajua kutoa watu mu nyumba, na dakika kumi haijaisha," alisema, wala hakuinua sauti. "Hawa njo watoto wa darasa la sita. Mu chumba yao muko askari yako tangu Januari. Kila mara unaniambia hauna uwezo. Niko naomba kitu moja tu: watoke mu shule yangu mbele ya mtihani."

Mkalimani alitafsiri yote, Mungu ambariki, hata zile dakika. Balozi alikiweka chini kikombe chake na kumgeukia Kanali. Akamuuliza kama ni kweli. Mbele ya watu sitini na kamera mbili, Badibanga alisema kwamba dada wa kwetu amefanya vizuri kumkumbusha, na kwamba kabla jua halijatua shule hiyo itakuwa huru. Watu walipiga makofi muda mrefu. Kisha wakakaa kwenye viti vyao, na mtu fulani akachana ile karatasi ya hesabu ili wapate ukurasa safi.

Safari hii Kanali hakusema uongo. Saa kumi na moja lori liliingia uwanjani, likapakia magodoro, masufuria, wanawake na mbuzi, likatoka. Akina mama wa jirani walipiga vigelegele. Yvette hakupoteza muda. Aliingia darasa la sita na ufagio, kitambaa kimefungwa puani. Kulikuwa na mifupa ya samaki, mipira ya wanaume iliyotumika, na kwenye kona kitu ambacho hakukitazama mara mbili. Alifagia, akamwaga maji, akafagia tena.

Kesho yake asubuhi alikuja msichana wa kutoka kwenye msafara, jina lake Princesse, ana kamera na haraka. Ndege yao ilikuwa saa nne. Alimsimamisha Yvette mbele ya darasa, watoto wamekaa sakafuni nyuma yake, akamwomba aeleze jinsi mazungumzo yalivyoikomboa shule. Halafu akaangalia kwenye kioo cha kamera, akakunja uso, akamwomba asogee kidogo kushoto, kwani ng'ambo ya barabara wale askari wanaonekana.

Yvette alisogea. Alisema sentensi tatu, akatabasamu panapohitajika, na Princesse akaondoka akimwita shujaa.

Ndipo Zuberi alipovuka barabara. Nyuma yake, nje ya ukuta wa shule yake, watoto wake walikuwa wamesimama na mikoba mgongoni, darasa la kwanza hadi la sita, hawajui waende wapi. Kwenye dirisha lililokuwa la darasa alilomwazima Yvette kulining'inia suruali ya askari. Moshi ulikwisha kuanza, na haukuwa wa kuni za msituni. Ulinuka rangi ya madawati. Zuberi hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada Yvette," alisema, "uliwaambia watoke. Kwenye wataenda, haukusema."

Yvette alimwambia alete watoto wake wa darasa la sita, watabanana na wake. Zuberi alitikisa kichwa kukubali, akauliza kuhusu wale wengine mia tatu. Yvette alitaka kumwapia kwamba hakujua, kwamba amewaona asubuhi hii tu. Maneno yalifika mdomoni yakamtia kichefuchefu, na safari hii hakikuwa cha askari wala cha mabalozi. Jana jioni, akiwa ameinama na ufagio, alilisikia lile lori likitoka getini. Alilisikia halipandi kilima kuelekea kambini. Alilisikia likizima injini papo hapo, ng'ambo ya barabara, na sauti ya Zuberi ikiuliza kitu. Alijua, akaendelea kufagia.