Robo Saa Bila Uchumba

Robi binti Nyamhanga alikuwa na sababu mbili za kufika uwanja wa shule pale Kemambo siku ile, na zote mbili alikuwa amezifungia moyoni. Ya kwanza, mchumba wake Nchagwa alikuwa anapimwa ili aende Marekani. Ya pili, alitaka kuona kama kati ya watu wote wale yupo hata mmoja atakayekumbuka kwamba duniani kuna mtu anaitwa Robi.

Mpimaji mwenyewe alikuwa Enock, Mkenya aliyeingilia Sirari kwa pikipiki ya kukodi. Alikuja na futi ya fundi cherehani, saa ya kuhesabia sekunde, na mpira uliochongoka huku na huku kama papai bichi. Kazi yake ilikuwa kutafuta vijana wakubwa na kutuma video zao kwa timu za Marekani kabla ya siku ya kuchagua wachezaji wapya. Na siku hiyo, alieleza, timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza.

Waitara, baba yake Nchagwa, alitaka arudiwe maelezo hayo mara tatu.

"Kwa hiyo aliyechunga vibaya ndiye anapewa fahali bora?"

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Hao watu hawajawahi kufuga."

Hata hivyo mwanawe alimtoa apimwe. Nchagwa akapimwa mikono, viganja na shingo. Futi ikaisha kabla kifua hakijaisha. Akapandishwa kwenye mizani ya kununulia mahindi, ikasema kilo mia moja arobaini na sita. Waitara alipoona mgeni anafunga daftari lake, akadhani amesahau jambo la msingi, akamfungua mwanawe mdomo ili ayaone meno.

Kazi inayotafutiwa mtu ilikuwa hivi. Katika mpira ule kuna mrushaji, na kuna majitu yanayomjia mbio ili yamwangushe kabla hajarusha. Nchagwa hatakiwi kuugusa mpira maisha yake yote. Atasimama mbele ya mrushaji, ashushe makalio, atangulize viganja, arudi nyuma kwa hatua ndogondogo, na yeyote anayekuja amzuie kifuani. Kushika nguo ni kosa. Kumwacha mtu apite ni aibu.

Robi nusura acheke. Hiyo si ndiyo kazi ya Nchagwa kila jioni? Anasimama kwenye lango la zizi la ndama, ndama ishirini wenye njaa wanataka kuwafuata mama zao kabla hawajakamuliwa, na hapiti hata mmoja, wala hampigi hata mmoja. Robi mwenyewe alikuwa amejifunzia kwake, akawa anawazuia ndama wa baba yake vivyo hivyo. Alimpendea pale langoni. Kikao cha mahari kilikuja baadaye, na yeye hakuitwa.

Vijana watatu walijitokeza kumjaribu Nchagwa. Wawili wakaketi chini bila kupenda, wa tatu akatolewa kwenye uzio wa michongoma. Waliobaki wakakumbuka ghafla kwamba wameacha ng'ombe bila mchungaji.

"Hawa ni watoto," Enock akasema. "Mimi nataka mtu mzito. Yule mzee pale je?"

Alimnyooshea kidole Nyamhanga, baba yake Robi, mwenye bucha pale Nkende, mtu mwenye shingo ya fahali na udhaifu mmoja: akiitwa mbele za watu, huenda.

"Tata, usiende," Robi akamshika mkono. "Ni mkweo yule. Hawezi kukugusa."

"Sheria inamkataza yeye kunigusa," Nyamhanga akajibu akivua koti. "Mimi kukimbia sijakatazwa."

Urushaji alipewa Melkiori, mtendaji wa kijiji, mtu wa Rombo, kwa sababu ndiye peke yake aliyevaa viatu vya kamba. Filimbi ikalia. Nyamhanga akaja kama lori lililokatika breki. Nchagwa alishuka, akatanguliza viganja, kisha akauona uso wa anayekuja. Akasimama wima. Akaficha mikono mgongoni na kuinamisha macho.

"Shikamoo, baba," akasema, akapisha.

"Marahaba, mura," Nyamhanga akaitikia bila kupunguza mwendo, akamlaza mtendaji wa kijiji chali.

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Nchagwa alimwondolea mkwewe jiwe njiani asije akajikwaa.

"Aki huyu jamaa ni nini anafanya?" Enock akashika kichwa. "Nikituma hii, watasema nimewatumia mpokea wageni wa harusi! Na leo ndiyo mwisho wa kutuma."

Melkiori ndiye aliyemweleza, huku akitema nyasi: kwa Wakurya mkwe ni mkwe, huwezi kumtia mikono kifuani hata akikufuata na panga. Kisha, kwa kuwa mbavu zilikuwa zake, akawa mwepesi wa mawazo.

"Kazini kwetu," akasema, "mtu husimamishwa, halafu akarudishwa. Uchumba hausimamishwi?"

Wazee wakatazamana. Waitara akakuna kidevu. Uchumba ni nini, kama si yule ng'ombe mwekundu wa kwanza wa mahari aliyekwisha kuingia zizini kwa Nyamhanga? Akitoka, hakuna ukwe. Akirudi, ukwe umerudi. Nyamhanga akakubali upesi, kwani alishaonja kushangiliwa na hakutaka mchezo uishe. Melkiori akachana karatasi, akaandika kwamba uchumba wa Nchagwa Waitara na Robi Nyamhanga umesimama kuanzia saa tisa na robo hadi saa tisa na nusu. Baba wawili wakatia sahihi. Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, akaupulizia pumzi na kugonga.

Robi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Hakuna aliyegeuka. Nchagwa alimtazama, ni kweli, na akafungua mdomo. Baba yake akakohoa, Nchagwa akaufumba. Robi aliumia kuliko alivyotegemea. Kusahauliwa na wazee alikuwa amekuzoea, lakini mdomo ule ulivyofumbwa ulimchoma. Akageuka, akashika njia ya nyumbani, ambako ni ng'ambo tu ya uwanja.

Ng'ombe mwekundu akatolewa, akavushwa uwanja mzima hadi zizini kwa Waitara. Enock akauliza kama na ng'ombe atapimwa. Filimbi ikalia.

Safari hii Nchagwa hakusalimu. Nyamhanga alikwenda kushoto, akamkuta. Akaenda kulia, akamkuta. Akajizungusha kama mbwa anayetafuta pa kulala, bado akamkuta, makalio chini, viganja kifuani, miguu ikichapa hatua ndogondogo. Kisha Nchagwa akanyoosha mikono tu, na mwenye bucha wa Nkende akaketi chini kwa kishindo. Ikawa hivyo mara tatu, na mara ya tatu palikuwa na raha kidogo ndani yake. Enock alikuwa anafuta machozi.

"Mmeona hiyo miguu? Mmeona hayo makalio? Huyu ameenda! Ameenda huyu!"

"Saa tisa na nusu," Melkiori akatangaza. "Ng'ombe arudi."

"Upesi," Nyamhanga akasema akijikung'uta, "kabla sijaanza kumchukia huyu kijana."

Ng'ombe akarudishwa, na uwanja mzima nyuma yake. Langoni kwa Nyamhanga alikuwa amesimama Robi. Makalio chini, viganja mbele.

Ng'ombe alikwishazoea zizi lile na alitaka maji yake. Akaenda kushoto, akamkuta Robi. Akaenda kulia, akamkuta. Robi hakumpiga wala hakumshika pembe.

"Mpishe ng'ombe!" Nyamhanga akafoka.

"Hapiti."

"Muda umekwisha, binti," Melkiori akasema kwa upole wa serikali. "Karatasi inasema saa tisa na nusu."

"Karatasi ina sahihi ngapi?"

Melkiori akaitazama. Akaigeuza nyuma pia.

"Mbili."

"Yangu iko wapi? Mmenivua uchumba kwa muhuri, haya, nimevuliwa. Saa hii mimi si mchumba wa mtu. Anayenitaka aje aniulize mimi."

Enock alikuwa amekwisha kuinua simu, anamrekodi Robi. "Na huyu ana kilo ngapi?" akanong'ona.

Nchagwa akapenya katikati ya watu. Baba yake akamhimiza amsukume ng'ombe aingie, mambo yaishe. Nchagwa akafika langoni, akampa Robi mgongo, akawakabili wote, ng'ombe na wazee, akashusha makalio na kutanguliza viganja.

"Robi," akasema bila kugeuka. "Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo. Nikichaguliwa, tutakwenda wote? Na nisipochaguliwa, utanitaka?"

Nyamhanga alikuwa amekunja mikono ya shati, tayari kuwavaa wote wawili. Kisha akapiga hesabu: ng'ombe hajaingia, kwa hiyo kijana huyu bado ana ruhusa ya kumgusa. Akasimama pale alipo.

Ng'ombe akaanza kucheua.

"Bado nafikiri," Robi akasema nyuma ya mgongo ule mpana. "Usipitishe mtu."

Na Nchagwa hakupitisha mtu.