Tipitipi wa Kipawa

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Bi Mwajabu alifunga furushi. Khanga zake, msahafu, kopo la tambuu, na kandambili ya mguu wa kushoto ambayo hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Akishakaza fundo, huja barazani alipo binti yake na cherehani, akasimama kwa adabu kama mgeni anayeona haya kuwachosha wenyeji.

"Haya mama, mie naaga. Mmenikirimu, Mungu atawalipa. Sasa narudi kwangu Kipawa."

Farida amjibu nini? Kipawa ya Bi Mwajabu haipo tena. Eneo lilichukuliwa miaka mingi nyuma, uwanja wa ndege ulipopanuliwa. Nyumba ilivunjwa, na pale palipokuwa na jiko lake sasa pana uzio na nyasi fupi. Hapa ni Tegeta, nyumbani kwa mwanawe wa kumzaa, lakini maradhi ya kusahau yalimwachia mama nyumba moja tu kichwani, na si hii.

Mwezi uliopita alitoka kimyakimya, furushi kichwani, akafika hadi Barabara ya Bagamoyo. Alikuwa katikati ya malori akiuliza njia ya Kipawa wakati kijana wa bodaboda aliyemfahamu alipomwona na kumrudisha. Tangu siku hiyo Abdulrahman, mdogo wake Farida anayeishi Mbagala, alikuwa na wimbo mmoja tu: kufuli.

"Dada, mie sina ubaya na mama," alisema kwenye simu. "Ila akigongwa tutamlaumu nani? Jumapili nakuja na kufuli la geti. Funguo utakaa nazo wewe."

"Mama si mbuzi, Abdul."

"Basi niambie wewe tufanyeje."

Farida akakata simu, roho ikimuuma. Kumfungia mama yake! Mwanamke ambaye maisha yake yote mlango wake ulikuwa wazi, hata kuku wa jirani wakiingia bila hodi.

Ijulikane kwamba Farida naye alikuwa na maradhi yake. Mapazia ndiyo yaliyomlisha, maana Tegeta kila uchao nyumba mpya na kila nyumba ina madirisha, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege wa porini. Alikuwa na kamera aliyoinunua mkononi kwa mtu, pamoja na maikrofoni iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo, ambayo watoto wa mtaa waliiita paka. Jumamosi asubuhi utamkuta vichakani Mbweni, mtu mzima na baibui lake, amejikunyata akimsubiri ndege chozi afungue mdomo. Wako waliosema anatafuta madini. Wako waliosema mengine, nayo tuwaachie wenyewe.

Adui yake mkubwa alikuwa kelele. Pikipiki ikipita, anafuta. Mtu akikohoa, anafuta. Usiombe uwe mpita njia wa kumpigia salamu akiwa kazini, utarushiwa jicho usilolisahau. Akirudi nyumbani, huketi na kompyuta akaisafisha sauti hadi abaki ndege peke yake, kana kwamba Mungu alimuumba yeye akapumzika. Kazi ya ajabu hiyo, kuishi Dar es Salaam na kuitafutia ukimya.

Basi, wiki hiyohiyo ya kufuli, Farida alikuwa akimsafisha tipitipi wa Mbweni, ndege yule wa kahawia anayejificha vichakani na kulia kama maji yanayomiminwa kutoka chupa ya shingo nyembamba. Mama alikuwa njiani kuja kuaga. Akasimama. Furushi likamshuka mkononi.

"Huyo tulikuwa naye kwetu," alisema. "Kwenye michongoma, nyuma ya choo."

Akakaa. Alisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani, na uso wake ukalegea hata Farida akaogopa kupumua. Kisha akatikisa kichwa.

"Lakini si yeye. Huyu wa watu." Akaliokota furushi lake.

Kitambo kile kifupi kilimtosha Farida kupata tumaini. Ikiwa tipitipi wa watu amemkalisha mama kitini, je, akimletea wa kwao? Kesho yake alimwacha mama kwa Gladness, jirani wa ukuta mmoja, akabeba kamera na paka wake, akaenda Kipawa.

Ile sehemu ya Kipawa ambayo haikuchukuliwa ipo, ina maduka, ina saluni, ina watoto wa shule wanaokimbizana na mifuko mgongoni. Farida alitembea taratibu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa inajua kona ambazo hazipo tena. Alilitafuta duka walikofungiwa ubuyu kwenye vipande vya gazeti. Alilitafuta bomba la mtaa, ambako hadi ndoo ijae ulishajua nani kaposwa na nani kaachwa. Aliukuta uzio. Akaushika kwa vidole, akaangalia ng'ambo, na akaona wivu, wivu hasa, kwa kunguru waliokuwa wakitembea juu ya nyasi pale ilipokuwa sebule yao.

Nyumba ya Mzee Revelian, jirani yao wa zamani, ilipona. Mzee huyu alitoka Bukoba ujanani kuja kufanya ukarani, akaoa, akazeekea hapohapo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alimkazia macho. "Wewe si wa Mwajabu? Huo mwendo siusahau. Karibu, karibu uani."

Na uani, kwenye michongoma inayopakana na uzio, tipitipi alikuwepo. Huenda ni mjukuu wa wale wa zamani, huenda ni kilembwe. Farida alitega kamera na maikrofoni. Ndege akainamisha kichwa, koo likamvimba, akaanza kumimina. Na hapohapo eropleni ikapita juu yao ikiunguruma hadi vikombe vikatetema. Akasubiri. Tipitipi akaanza tena, eropleni nyingine hiyo.

"Astaghfirullah! Hawa hawapumziki?"

Mzee Revelian alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenzetu umekuwa wa Tegeta kweli."

Usiku kucha hakukesha, tusimsingizie, lakini kazi aliifanya. Alizikata eropleni zote, akaunganisha vipande, akasafisha, akasugua. Aliporusha kwenye kundi la wapenda ndege, bwana mmoja wa Arusha akasema hajapata kusikia tipitipi safi namna ile. Farida akafurahi kama mtoto, akamwita mama.

Bi Mwajabu alisikiliza hadi mwisho.

"Ndege mzuri," alisema. "Wa wapi huyo?" Akaenda kufunga furushi.

Farida aliinamia cherehani akalia, akalowesha pazia la mteja.

Jumapili Abdulrahman alifika na kufuli kwenye mfuko wa rambo. Alimwamkia mama, mama akamwitikia vizuri kama anavyomwitikia muuza samaki. Mwana akageuza uso haraka.

"Nipe dakika," Farida alimwambia. "Kuna kipande sijakitumia. Labda humo mna sauti nyingine." Akafungua kwenye kompyuta ile video ya kwanza ya Kipawa, mbichi, isiyoguswa, na tipitipi akatokea kwenye kioo juu ya mchongoma.

Bi Mwajabu alikuwa tayari mlangoni na furushi lake. "Jamani, nisaidieni kunifungulia geti," alisema, "maana mie nataka kwenda..."

Eropleni ikaingia. Bi Mwajabu akanyamaza, kidole juu, mdomo wazi. Abdulrahman, aliyekuwa anasema, "Mama, ngoja kwanza...", naye akakatika. Farida alijikuta amebana midomo.

Na hapo ndipo alipokumbuka. Kipawa watu walikuwa wakiongea hivyo! Eropleni ikija unasimama ulipofika, ikipita unaendelea kutoka neno lilelile. Mwalimu aliganda na chaki ubaoni. Wanawake wakigombana walisubiriana, mikono kiunoni, kisha tusi likamaliziwa pale lilipoachwa. Hakuna aliyewafundisha. Na tipitipi naye hakupata kuwa peke yake hata siku moja. Farida alikuwa amempelekea mama ndege, akamfutia nyumba.

Mngurumo ukafifia. Tipitipi akamalizia maji yake.

"...kuanua nguo," alisema Bi Mwajabu. "Tipitipi kalia, mvua haiko mbali."

Alilitua furushi kitini, akalifungua, akaanza kukunja khanga moja moja bila haraka, kama mtu aliye kwake. Abdulrahman aliuchukua mfuko wake na kutoka nje, akasimama kule akipangusa macho kwa kiganja. Hakulitaja kufuli tena siku hiyo. Farida akairudisha video mwanzo. Eropleni ikapita, wote wakanyamaza, eropleni ikaondoka.

"Mama," Farida aliita kwa sauti ndogo. "Umefika nyumbani?"

Bi Mwajabu akamtazama kwa ukarimu mkubwa, ukarimu anaopewa mtu baki.

"Nyumbani ndiyo hapa. Karibu mgeni, mbona umesimama? Kama unamtaka Farida, yuko shule, atarudi sasa hivi."

Hili Farida hakulitarajia. Alikuwa amemfikisha mama nyumbani, na yeye mwenyewe hakuwa amefika bado.

"Ni mtoto mzuri?" aliuliza.

"Mtundu huyo! Unamtuma chumvi, anasimama njiani kusikiliza ndege." Mama alicheka, akalaza khanga nyingine juu ya mwenzake. "Lakini ana huruma. Nikiumwa hatoki mlangoni pangu. Mie uzee siuogopi, mama. Nikizeeka nitakaa kwa Farida."

Farida akavuta kigoda, akaketi karibu naye kumsubiri mtoto arudi shule.